Juisi ya Rozela Yenye Viungo: Ua Lisichemke

Wengi hutia kila kitu sufuriani kwa mpigo, rozela, tangawizi, mdalasini na karafuu, wakachemsha mpaka nyumba nzima inukie. Mimi njia hiyo siipendi. Viungo vigumu vinataka moto wa muda mrefu, rozela haiutaki. Ikichemka sana, wekundu wake unaanza kuelekea kahawia na kinywaji kinakuwa na ukakasi wa kukausha ulimi. Kwa hiyo viungo vitangulie, ua lifuate jiko likiwa limezimwa.

Rozela, au choya kama wengine tunavyoiita, ni mmea wa *Hibiscus sabdariffa*. Tunachokausha si petali, bali vile vikombe vinene vyekundu vinavyolikumbatia tunda petali zikishadondoka. Tafuta iliyobaki na rangi ya damu ya mzee. Iliyofifia imekaa sana au imepigwa jua kupita kiasi. Itakupa uchachu tu, harufu hakuna. Ukiona ukungu, tupa yote, usichambue.

Kwa lita 2 za maji natumia gramu 50 za rozela kavu, yaani vikombe viwili hivi bila kushindilia. Viungo ni tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, kijiti kimoja cha mdalasini, punje 6 za iliki na karafuu 4. Kwenye karafuu usiwe mkarimu: zikizidi, juisi inanuka kama dawa ya jino, na hakuna sukari itakayoificha. Viungo vya unga viache kabisa, maana vinapenya kwenye chujio na kuacha tope chini ya glasi.

Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli. Rozela ina asidi nyingi, na asidi hula alumini. Utaionja ladha ya chuma.

Ponda tangawizi na maganda yake baada ya kuiosha, pasua iliki, vunja mdalasini. Vitie kwenye maji baridi pamoja na karafuu, funika, na yakishachemka punguza moto uendelee kwa dakika 15. Wakati huo suuza rozela kwenye maji baridi, haraka haraka, ili mchanga utoke. Usiiloweke, kwani rangi inaanza kukimbia mara moja.

Zima jiko. Tia rozela, izamishe kwa mwiko, funika, kisha ondoka jikoni. Dakika 20 zinatosha. Ukipenda ukali zaidi fikisha 30. Mfuniko usiufunuefunue, harufu ya iliki ndiyo ya kwanza kutoroka.

Chuja kwa kitambaa safi cheupe ambacho hutajali kikibaki na doa, kwa sababu kitabaki nalo. Acha idondoke yenyewe. Ukikamua machicha kwa nguvu unaongeza ukakasi ule ule tulioukwepa. Machicha hayo yana kazi bado: yamwagie nusu lita ya maji moto, yaache kwa muda, utapata juisi nyepesi ya kuchanganyia ile ya kwanza.

Sukari tia ingali moto, ili iyeyuke. Mimi huanza na gramu 120, halafu naonja tena ikishapoa frijini, kwa kuwa ubaridi hufifisha utamu. Limau situmii, uchachu tayari upo. Ganda la chungwa lililokwanguliwa ndilo ningeongeza, tena kidogo, pamoja na rozela.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo ndani ya friji na uimalize ndani ya siku 4 au 5. Ikianza kutoa mapovu au kunuka hamira, imeshachacha. Na usishtuke ukiosha sufuria kwa maji ya magadi yakageuka bluu: rangi ya rozela huwa nyekundu kwenye asidi na hubadilika ikikutana na magadi.

Rozela inaweza kushusha shinikizo la damu. Anayetumia dawa za presha, au mjamzito, amuulize daktari kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku.