Jinsi ya kupata mkutano wa AA (ile ya pombe, sio ya magari)

Ukiandika "AA Kenya" kwa Google unaletewa watu wa magari, wale wa kufundisha udereva na kukagua gari, na mtu mwenye hangova asubuhi akiona hivyo anarudisha simu mfukoni anaenda zake kutoa loki, yaani kunywa tena ili hangova iishe. Mimi nilifanya hivyo mara mbili. Kwa hivyo andika jina lote, Alcoholics Anonymous, vile vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, halafu mji ama mtaa wako.

Ukipata orodha usiiamini yote. Mikutano inaendeshwa na walevi wenyewe, leo wako ukumbi huu, mwezi ujao wamehamishwa kwa sababu kuna harusi, kwa hivyo piga ile namba kwanza, isiposhikwa tuma meseji, watu wako kazini mchana. Sema tu "nataka kujua mkutano wa karibu ni lini na wapi". Hutaulizwa unakunywa chupa ngapi. Na usione haya kupigapiga simu, hii kitu yenyewe ilianza hivyo: mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Bill Wilson alisimama kwa lobi ya hoteli, biashara imemwendea vibaya, baa iko palepale inamuita, akaanza kupigia watu simu mmoja baada ya mwingine akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye, mpaka akafikishwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa mlevi wa miaka mingi. Ukikwama kabisa na uko Kenya piga 1192, hiyo ni ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure, muulize mshauri vikundi vya karibu na wewe.

Sasa kwa saa ndio nataka unisikize. Watu wanachagua mkutano ulio karibu na nyumbani, mimi nasema chagua ulio kwenye saa yako ya kunywa. Sheria ya pombe ya Kenya ya 2010, ile tuliyoizoea kama ya Mututho, mbunge aliyeileta, inaruhusu baa kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na kama wewe ni wa kutoka ofisini moja kwa moja mpaka kaunta, mkutano wa Jumamosi asubuhi utakufurahisha sana lakini Ijumaa jioni utakuwa umekalia kiti chako kilekile. Nauli ya matatu mbili ni afadhali.

Uliza pia kama mkutano ni wa wazi ama wa kufungwa. Wa wazi unaweza kwenda na dada yako ama rafiki, wa kufungwa ni wetu sisi wenye shida na pombe peke yetu. Na kama ni mume wako ama mtoto ndio anakunywa, cha kutafuta ni Al-Anon, hiyo iko tangu 1951 kwa ajili ya watu wa nyumbani, unaenda hata kama yeye amekataa kwenda kokote.

Mikutano mingi iko kwa kumbi za makanisa, haimaanishi ni ya kanisa, Waislamu wanakaa humo na wasioamini chochote pia. Mtihani ni geti. Soja akiuliza unaenda wapi mwambie "mkutano wa AA", pengine naye atafikiri ni mambo ya magari. Ndani hakuna ada wala fomu, sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Kapu likipitishwa ukiwa na hamsini weka, huna lipitishe. Jina la kwanza linatosha na unaruhusiwa kusema "leo nasikiliza tu".

Kama mji wako hauna, kuna mikutano ya Zoom, orodha iko aa-intergroup.org. Badilisha jina kabla ya kuingia, mimi niliingia na lile la kazini, cheo na kila kitu, nikatoka mbio. Zima kamera usimalize bando. Halafu angalia saa: saa moja jioni ya London kwetu ni saa tatu usiku, ama saa nne wao wakiwa kwenye baridi, na saa moja jioni ya New York ni saa nane ama tisa usiku, ambayo ni nzuri sana kwa wale wa kushtuka usingizini moyo unadunda.

Lakini kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka utoe loki, usiache ghafla peke yako ati ndio uende mkutanoni ukiwa msafi. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa na kuweweseka, na watu wanakufa. Pitia hospitali kwanza, waambie ukweli wa kiasi unachokunywa. Mkutano hata ukiwa umeonja unaenda tu, kaa nyuma, usivuruge.

Mkutano wangu wa kwanza niliona ni wazee watupu wanacheka, nikasema hapa si pangu. Wa pili mtu mmoja aliongea dakika arobaini, nikatoka. Wa tatu ndio nilikaa, nikaondoka na namba tatu kwa simu, na wewe usitoke bila namba. Ya kwanza kupiga ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja kasoro, nimesimama nje ya baa yangu. Jamaa hakunihubiria. Aliuliza tu, "uko wapi, nakuja tunywe chai".