Kufunga slasha kwenye trekta dogo: pima propela kabla hujawasha

Slasha yetu ya kwanza, ile mashine ya kufyeka majani inayozungushwa na trekta, niliiua kabla haijakata hata jani moja. Ililetwa asubuhi, futi nne, rangi bado inanuka, na majani kwenye michungwa yalikuwa yamenifika kiunoni maana masika ya mwaka ule yaligoma kwisha. Nikaifunga haraka haraka, propela, ule mhimili wa kupeleka nguvu ya trekta kwenye slasha, haikutaka kuingia, nikaibembeleza kwa nyundo mpaka ikaingia. Nikanyanyua haidroliki. Ukasikika mlio kama mtu amevunja muwa gotini. Beringi ya giaboksi imesukumwa ndani, sili imepasuka, oili inachuruzika mchangani. Aliyetuuzia alisema "ni kuchomeka tu". Kumbe propela huja ndefu makusudi, ili kila mtu aikate ilingane na trekta lake.

Ninazungumzia trekta dogo kama letu, la nguvu farasi 27, na slasha ya kubebwa nyuma kwenye pointi tatu, yaani mikono miwili ya chini na mmoja wa juu. Kazi yangu ni kufyeka kati ya mistari ya michungwa huku Muheza, mara mbili au tatu kwa mwaka, hasa baada ya masika ili wachumaji wapite bila kukanyaga nyoka.

Tafuta kwanza pahali pagumu na tambarare. Slasha ikae juu ya vipande viwili vya mbao, isilale chini na visu vyake. Rudi kinyumenyume pole pole hadi mikono ya chini ya trekta iwe mkabala na pini za slasha. Katikati ya trekta na slasha asisimame mtu. Mpwa wangu husimama ubavuni, ninapomwona, na huniongoza kwa mkono, kwa sababu maneno yote humezwa na injini. Nikishafika ninatia breki, ninazima, ufunguo unaingia mfukoni mwangu.

Anza na mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Si ushirikina: kwa matrekta mengi wa kulia ndio wenye skrubu ya kuuinua na kuushusha, kwa hiyo ukishafunga wa kushoto, wa kulia unaufuata kwa kuzungusha skrubu badala ya kuisukuma slasha kwa bega. Trekta dogo kwa kawaida hutumia pini za milimita 22 kwa mikono ya chini na 19 kwa toplinki, ule mkono wa juu. Kama matundu ni makubwa, ya 28 na 25, nunua bushi, vile vibomba vya kujaza nafasi. Pini nyembamba kwenye tundu pana hucheza mpaka tundu linakuwa umbo la yai. Na funga kwa klipu yake ya pete. Msumari uliokunjwa si klipu, hata kama umeuona umedumu miezi sita kwa jirani.

Mikono ikishafungwa, funga toplinki. Propela ni ya mwisho, na hapa ndipo pa kutulia.

Ichomoe iwe vipande viwili. Nusu moja ivishe kwenye PTO, ule mhimili wenye meno nyuma ya trekta, nusu nyingine kwenye giaboksi ya slasha. Sasa nyanyua na kushusha slasha taratibu, PTO ikiwa imezimwa, utafute kimo ambacho mihimili hiyo miwili inakaribiana kuliko pengine pote. Mara nyingi ni pale propela inapolala karibu sawa, si slasha ikiwa juu wala chini kabisa. Watu wengi hupima slasha ikiwa chini, inaingia vizuri, wanafurahi, halafu wanainyanyua na kuvunja kama nilivyovunja mimi.

Ukikipata kimo hicho, weka jeki au magogo chini ya slasha, zima injini, halafu laza zile nusu mbili sambamba upime. Propela yetu ya pili, ikikunjwa yote, ilizidi nafasi kwa sentimita 5. Nikaongeza 4 za kupumua, jumla 9. Nikakata sentimita 9 kwenye bomba la ndani, 9 kwenye bomba la nje, na 9 kwenye kila kava la plastiki. Ukikata bomba moja tu hujafanya kitu, maana lile jingine bado litagota. Msumeno wa chuma unatosha. Grainda ni haraka zaidi lakini huunguza plastiki. Piga tupa kingo za ndani na za nje, futa unga wote wa chuma, paka grisi. Mabomba yateleze kwa mkono mmoja.

Kisha angalia upande wa pili: slasha ikiwa mahali ambapo propela imenyooka ndefu kuliko pote, mabomba yawe bado yameingiliana angalau sentimita 15, na ikipatikana theluthi ya urefu wake ni vizuri zaidi. Yakiingiliana kidogo, siku moja kwenye tuta yataachana yakiwa yanazunguka, na nusu ile itakuwa rungu.

Unapoivisha, bonyeza kitufe, sukuma hadi kilie, kisha ivute kwa nguvu kama unang'oa muhogo. Isipotoka, imekaa. Fungia vijinyororo vya kava pande zote mbili ili kava lenyewe lisizunguke. Ile ndoano ya kuvutia trela, kama inagusana na propela au slasha, itoe.

Kabla ya kuwasha PTO fungua kizibo cha pembeni cha giaboksi. Slasha nyingi mpya husafirishwa kavu, bila tone la oili, na hakuna anayekwambia. Soma maelezo yake. Giaboksi nyingi hutaka oili ya gia ya 80W-90, hadi ianze kuchungulia kizibo.

Sasa kuisawazisha. Pima upepo wa tairi za nyuma kwanza, la sivyo utakuwa unanyoosha slasha juu ya trekta lililoinama. Kushoto na kulia nalinganisha kwa futi ya fundi seremala, kutoka ardhini hadi ukingo wa bati, na kurekebisha kwa ile skrubu ya mkono wa kulia. Mbele na nyuma havitakiwi kulingana: mbele iwe chini kuliko nyuma kwa kama sentimita 2. Hivyo kisu kinakata kikiwa mbele na kupita huru kikiwa nyuma. Nyuma ikiwa chini, kisu kinakata majani yaleyale mara ya pili, injini inaguna, moshi unakuwa mweusi, na wewe unasema trekta halina nguvu.

Kimo cha nyuma kinashikwa na gurudumu la mkia, cha mbele na mikono ya chini. Toplinki haibebi kitu wakati wa kazi. Slasha ikiwa chini, iguse toplinki kwa mkono: ikiwa imekaza kama kamba ya hema, irefushe, mpaka kile kishikizo chake juu ya slasha kiweze kucheza. Kisipocheza, gurudumu la mkia likipanda kichuguu toplinki itasukumwa na kupinda, au itararua kishikizo. Minyororo ya pembeni iachie slasha iyumbe sentimita 3 hadi 5 tu, isije ikagonga tairi.

Sisi tunakata kwa kimo cha sentimita 8 hadi 10. Mwenye shamba angependa kama uwanja wa mpira. Lakini chini ya majani haya kuna visiki na vichuguu, na kisu kinachokula mchanga kinaisha siku chache.

Kuna boliti moja pale propela inapofungwa kwenye slasha ambayo imewekwa ili ikatike. Ikikatika, imefanya kazi yake. Fundi mmoja alituwekea boliti ngumu "ili isisumbue". Kisiki kilichofuata hakikuisumbua kweli. Kilisumbua meno ya giaboksi. Nunua za aina iliyoandikwa kwenye kitabu, tembea na tano. Slasha yenye klachi ya sahani badala ya boliti ina shida yake: ikikaa msimu mzima sahani hushikana kwa kutu, kwa hiyo legeza springi, iache iteleze sekunde chache, kaza tena kwa kipimo kilekile.

Washa PTO injini ikiwa raundi za chini, halafu panda pole pole hadi PTO ifike raundi 540 kwa dakika. Kama trekta lako ni la zamani na klachi moja inashika giaboksi na PTO pamoja, sikiliza hapa: visu vizito vikishashika kasi huendelea kuizungusha PTO vyenyewe, nayo hulisukuma trekta, kwa hiyo ukikanyaga klachi trekta linaendelea kwenda. Mimi nilipitia kwenye mchungwa hivyo, mguu wangu uko kwenye klachi mpaka mwisho. Dawa yake ni kifaa cha kuachia kinachovishwa kwenye PTO, kinachoacha slasha izunguke bila kulisukuma trekta. Kinaongeza urefu, kwa hiyo propela inapimwa upya.

Usinyanyue juu kabisa visu vikizunguka. Krosi za propela, vile viungo vyake vya kupinda, zitapiga kelele, na kelele hiyo ni pesa. Kama steringi inakuwa nyepesi ukinyanyua, ongeza uzito mbele. Baada ya saa ya kwanza zima kila kitu, subiri visu visimame vyenyewe, weka magogo chini ya slasha, kaza nati za visu na boliti zote upya.

Kufungua ni kinyume: mbao chini, injini imezimwa, propela kwanza, toplinki, kulia, kushoto. Propela naitundika, siiachi kwenye mchanga, na kichwa chake nakifunga kwa kipande cha kanga kuukuu. Nyigu wa huku wanapenda sana kujenga nyumba za udongo kwenye yale meno, na udongo wao ukikauka utautoa kwa bisibisi asubuhi nzima.