Kusoma uchumi Dar es Salaam ukitokea Lubumbashi: karatasi ipi inatangulia

Kila mwaka, matokeo ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kongo, yakishatoka, wanabisha hodi kwetu Kampemba, hapa Lubumbashi, vijana na wazazi wao. Swali ni lile lile: diplome imepatikana, mtoto anataka kusoma uchumi Tanzania, aanzie wapi? Wengi wanakuja wakati wameshaanzia katikati. Mmoja amemtumia mtu dola za "kufunguliwa dosie" kwa simu, mwingine ameshanunua sanduku na kuaga kanisani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama diplome ya Kongo inasomeka vipi mbele ya Mtanzania.

Njia hii nimeipita mara mbili, kwanza na mdogo wangu, halafu na binti wa shangazi. Safari ya kwanza tulipoteza mwaka mzima kwa sababu tulipanga vitu kinyume. Kwa hiyo ukishika jambo moja tu humu, shika hili: ulinganifu wa diplome, yaani barua rasmi inayosema diplome yako inalingana na nini Tanzania, ndio unaotangulia. Chuo, pasipoti, nyumba na nauli vinafuata nyuma yake.

Kabla ya karatasi, uchumi wenyewe

Kwetu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na kwingineko, fakilte ni moja: sayansi za uchumi na za usimamizi. Mtu anaingia akisema "nasoma eko" na baadaye ndipo anachagua. Dar es Salaam mambo hayo yametenganishwa tangu mlangoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule ya uchumi upande wake, na shule ya biashara upande wake, ambako ndiko kuna uhasibu, fedha na masoko. Ukijaza fomu ya uchumi huku moyoni unataka kuwa mhasibu wa kampuni ya mgodi, utajikuta darasani na hesabu za kalkulasi na takwimu mwaka wa kwanza, na ekonometria mbele yako.

Kwa hiyo tazama buletini zako, ripoti zako za shule, kwa uaminifu. Aliyetoka upande wa sayansi ana msingi wa hesabu, lakini maneno ya biashara hajawahi kuyasikia. Aliyetoka commerciale, upande wa biashara, anajua kufunga mizania, ila hesabu zake zilikuwa chache. Wote wawili wanaweza, mradi kila mmoja ajue pengo lake na alizibe miezi hii ya kusubiri. Masharti ya kuingia kwenye shahada ya uchumi Tanzania yanaangalia hesabu kwa ukali, hata pale somo la uchumi lenyewe unalo.

Vyuo si kimoja. Mzumbe, mkoani Morogoro, wanafundisha uchumi. Dodoma pia, chuo kilichoanzishwa 2007. Anayependa uchumi wa kilimo aangalie Sokoine, Morogoro mjini. Shahada ya kwanza ya uchumi ni miaka mitatu.

Na hapa niseme wazi jambo ambalo wazazi wengi hawataki kulisikia. Kiswahili chetu hakitakupitisha darasani. Kitakusaidia sokoni, kwenye daladala, kwa mwenye nyumba, ingawa hata huko ukisema "makuta" watakutazama mpaka useme "hela". Lakini mihadhara, vitabu na mitihani ya chuo ni Kiingereza. Wenzako Watanzania wamesoma sekondari yote kwa Kiingereza, miaka sita. Wewe ulikuwa na saa chache kwa wiki. Anza kozi ya Kiingereza siku ile ile unayoanza kukusanya karatasi, usingoje jibu la chuo. Mdogo wangu alingoja, na muhula wa kwanza ulikuwa wa machozi: alikuwa anaijua kanuni ya mahitaji na ugavi vizuri sana, kwa Kifaransa.

Karatasi za nyumbani

Unahitaji diplome yenyewe, au attestation inayothibitisha kwamba umefaulu pamoja na asilimia yako, kwa sababu wote tunajua diplome yenyewe inavyochelewa kushuka kutoka Kinshasa. Ongeza buletini za miaka ya humanités, yaani sekondari ya juu. Wengi wanaleta ya mwaka wa mwisho peke yake, halafu wanarudi shuleni mbio kutafuta nyingine, na prefe, mkuu wa shule, amebadilishwa. Chukua zote mapema. Ongeza cheti cha kuzaliwa.

Sasa weka karatasi zote juu ya meza moja, usome majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo tulipoanguka. Sisi tuna nom (jina la ukoo), postnom (jina la pili la asili) na prénom (jina la kwanza). Fomu za Tanzania zinataka jina la kwanza, la kati na la ukoo. Mtu anajaza kwa haraka, prénom inakaa mwisho kwenye karatasi moja na mwanzo kwenye nyingine, na kompyuta inaona watu wawili. Mbaya zaidi ni herufi. Buletini ya mdogo wangu ya mwaka wa tano ilikuwa na "Ilounga", diplome ina "Ilunga". Herufi moja tu, kosa la katibu wa shule aliyekuwa anaandika kwa mkono. Dosie ikarudishwa. Kusahihisha kulitaka barua ya shule na safari tatu ofisini, na wakati huo dirisha la maombi likafungwa. Ukiona tofauti, isahihishe kabla hujatengeneza pasipoti, na pasipoti ifuate diplome, kwa sababu diplome ndiyo ngumu kubadilisha.

Kitu kingine cha kutazama kwa karibu ni mhuri mkavu, ule usio na wino, unaobonyezwa kwenye karatasi. Kwenye fotokopi haupo kabisa. Kwenye skana ya saiba (duka la intaneti) nyingi haupo pia, na anayeikagua kwa mbali anaona karatasi isiyo na mhuri. Tulichofanya kwa binti wa shangazi: tulilaza diplome kwenye meza kando ya dirisha asubuhi, jua likiingia kwa ubavu, tukapiga picha kwa simu kutoka juu. Mduara wa mhuri ukajitokeza na kivuli chake, herufi zote zinasomeka. Tukatuma skana ya kawaida na picha hiyo pamoja. Usipake penseli wala kitu chochote juu ya mhuri ili uonekane. Ukifanya hivyo umeiharibu diplome yako wewe mwenyewe.

Halafu tafsiri. Karatasi zote za Kifaransa zinatakiwa kwa Kiingereza, na mtafsiri awe mwenye kiapo, aweke sahihi na mhuri wake, na ashone tafsiri pamoja na kopi ya asili iliyothibitishwa. Mjomba aliyesoma Zambia na anayejua Kiingereza vizuri hafai kwa kazi hii, hata kama ni mjomba mwema. Mwambie mtafsiri aache majina ya sections na options (michepuo ya masomo) kama yalivyo na aeleze pembeni maana yake. Mmoja aliwahi kugeuza "humanités" kuwa kitu kama fasihi, na mtoto wa sayansi akaonekana amesoma mashairi miaka minne.

Ulinganifu: mlango wenyewe

Ofisi inayolinganisha vyeti vya sekondari kutoka nje ni Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Hilo ndilo linalosema diplome yako inalingana na nini kwao. Anayeomba kwa diploma ya chuo cha kati anaelekezwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na anayetaka kuendelea na masta kwa shahada ya Kongo, iwe ya mfumo wa zamani wa graduat na licence au ya mfumo mpya wa LMD (licence, master, doctorat), anapita kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Usichanganye milango hii mitatu.

Kwa nini ulinganifu una uzito hivi? Hesabu miaka. Sisi tunamaliza baada ya miaka 12 ya shule. Mtanzania anayeingia chuo kikuu amesoma 7 ya msingi, 4 ya sekondari, na 2 ya kidato cha tano na sita, jumla 13. Isitoshe, yeye ana vyeti viwili, cha kidato cha nne na cha sita, na kila somo lina alama yake. Wewe una diplome moja na asilimia moja ya jumla. Kuna mtu lazima akae chini aamue asilimia yako na pointi zako za buletini zinasimama wapi kwenye ngazi yao. Mpaka aamue, chuo hakiwezi kujua kama unaingia shahada moja kwa moja au unapitia kozi ya kujiandaa kwanza. Jibu la mwenzako wa mwaka jana si lako. Option ni tofauti, pointi ni tofauti.

Maombi yanafanywa kwa mtandao wa NECTA, na malipo yanapitia namba ya malipo ya serikali, ile Watanzania wanaiita kontrol namba, yenye tarakimu 12 na inayoanza na 99. Ukiwa Lubumbashi huwezi kuilipa kwa simu yako ya Kongo kama unavyolipa kitu sokoni. Ama benki, ama ndugu aliyeko Tanzania. Mtu akikwambia utume pesa kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, funga mazungumzo hapo hapo, hata kama picha yake amevaa tai na nyuma yake kuna bendera.

Kuomba chuo

Kila mwaka TCU inatoa mwongozo wa udahili wenye orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, kila kozi na masharti yake. Usome kabla ya kulipa ada yoyote. Maombi yenyewe unayatuma moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo, si TCU. Madirisha kwa kawaida hufunguka kati ya Julai na Septemba, na masomo huanza Oktoba au Novemba.

Tazama kalenda hiyo vizuri pamoja na ya kwetu. Matokeo ya Examen d'État yanatoka wakati dirisha limeshafunguka au linakaribia kufungwa. Aliyefaulu mwaka huu, akingoja karatasi, tafsiri, halafu ulinganifu, mara nyingi anakuta mlango umefungwa. Nasema kwa moyo wote: usikimbilie dirisha la mwaka huu kwa dosie nusu. Chukua mwaka mmoja. Jifunze Kiingereza na hesabu, fanya ulinganifu kwa utulivu, na dirisha la mwaka unaofuata likifunguka uwe wa kwanza kuingia. Mwaka huo haukupotea. Uliopotea ni ule tuliokimbia bila mpangilio.

Pesa

Mikopo ya bodi ya Tanzania, HESLB, ni ya Watanzania. Usiiweke kwenye hesabu zako. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na vyuo vingi vina safu mbili au tatu za ada: raia, wa Jumuiya, na wa kigeni wengine, ambao mara nyingi wanalipa kwa dola. Andikia ofisi ya udahili barua pepe uulize Mkongomani yuko safu gani kwa mwaka huo, na jibu ulitunze. Tofauti ya safu hizo ndiyo tofauti ya mtoto kumaliza au kurudi nyumbani mwaka wa pili. Baba anayelipa muhula wa kwanza kwa kuuza pikipiki aniambie kwanza wa tatu ataulipa na nini.

Njiani na kufika

Pasipoti ishughulikie barua ya ulinganifu ikiwa mkononi, na uende mwenyewe kwenye ofisi, ulipe bei ya serikali benki. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka kwetu, na tangu 2016 kadi yake ni ya maisha yote, kwa hiyo usikubali kuambiwa imekwisha muda.

Ukienda kwa barabara unavuka Kasumbalesa, unapita Kitwe na Ndola mpaka Kapiri Mposhi, halafu Nakonde na Tunduma. Reli ya TAZARA inaanzia Kapiri Mposhi mpaka Dar es Salaam, kilomita 1,860, ila uliza kwanza kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo. Unapita nchi ya tatu, kwa hiyo nenda konsula ya Zambia na konsula ya Tanzania, zote ziko hapa mjini, uulize masharti ya siku hiyo. Hakikisha DGM, uhamiaji wa Kongo, wamekugongea mhuri wa kutoka. Kijana asiye na mhuri huo anateseka kwenye mpaka wa pili.

Ukifika, barua ya chuo peke yake haitoshi kuishi nchini. Mwanafunzi wa kigeni anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni ndiyo inayokuelekeza kuomba Uhamiaji kwa mtandao. Nenda ofisi hiyo wiki ya kwanza kabisa, kabla ya kutafuta godoro. Beba karatasi za asili zote, diplome, buletini, tafsiri na barua ya NECTA, kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, ndani ya begi la mkononi. Kwenye buti la basi zisikae hata dakika moja. Kopi zake nyingine mwachie mama hapa Lubumbashi, na picha zake ziweke kwenye barua pepe yako mwenyewe, siyo ya mwenye saiba.