Mbwa wa boma si ndama: tahadhari kuhusu dawa za kupe, viroboto na minyoo

Ng'ombe wa maziwa akiugua, daktari huitwa. Kuku wakifika siku ya chanjo, maagizo husomwa. Mbwa anayelinda hao wote hupakwa dawa iliyobaki kwenye ndoo baada ya ng'ombe kunyunyiziwa. Katika mashamba madogo ya Dagoretti, Ruai na Kamulu, viungani mwa Nairobi, madhara mengi ya dawa tunayoyaona kwa mbwa huanzia hapo. Dawa iliyotengenezewa mbwa, ikipewa kwa kipimo chake, huvumiliwa vizuri na mbwa walio wengi.

Tuseme wazi kwamba kinga lazima iendelee. Kupe wa kahawia wa mbwa, yule anayejificha kwenye nyufa za kibanda, hueneza magonjwa ya damu yanayoua, babesiosi ikiwemo. Tegu mdogo wa mbwa aitwaye echinococcus humwachia binadamu vivimbe vya maji kwenye ini na mapafu. Kwa hiyo anayeacha kumkinga mbwa kwa kuogopa dawa anaiweka familia yake hatarini.

Dawa inayotutia hofu zaidi ni ivermectin ya sindano, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, ile ya asilimia 1 inayouzwa kila agrovet. Mililita moja ina miligramu 10, na imekusudiwa ng'ombe wa kilo 50. Kipimo kinachotumiwa kumkinga mbwa dhidi ya minyoo wa moyo ni mikrogramu 6 kwa kila kilo ya uzito wake. Mbwa wa kilo 20 anahitaji mikrogramu 120 tu, yaani takriban sehemu moja ya themanini ya mililita hiyo. Hakuna sirinji ya shambani inayoweza kupima tone dogo kiasi hicho. Anayemdunga mbwa huyo mililita nzima amempa zaidi ya mara 80 ya kipimo.

Jirani ataapa kwamba mbwa wake hudungwa hivyo na hajawahi kudhurika. Huenda ni kweli, kwa sababu mbwa wengi huivumilia ivermectin hata ikizidi sana. Lakini mwaka 2001 watafiti wa Washington State University, Marekani, walionyesha kwamba baadhi ya mbwa aina ya Collie wana hitilafu katika jeni iitwayo MDR1, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia dawa za namna hii zisiingie ubongoni. Hitilafu hiyo ipo pia kwa Australian Shepherd na baadhi ya German Shepherd. Hapa Nairobi damu ya German Shepherd imechanganyika na ya mbwa wetu wengi, na huwezi kuijua hitilafu hiyo kwa kumtazama mbwa. Aliye nayo akidungwa ivermectin namna hiyo hupanuka mboni za macho, hutoa mate, huyumba, hupoteza uwezo wa kuona, na anaweza kuzirai kwa siku kadhaa. Hakuna dawa mahsusi ya kuitangua ivermectin, hivyo daktari humhudumia mgonjwa mpaka dawa iishe mwilini. Wenye farasi kule Karen wakumbuke pia kwamba mbwa anaweza kudhurika kwa kula mavi ya farasi aliyepewa dawa hii karibuni.

Dawa za kunyunyizia zina hatari yake. Amitraz, dawa ya kupe, ikikolea kupita kiasi, au mbwa akiilamba kwenye manyoya, humfanya asinzie, atapike, mapigo ya moyo yapungue na mwili upoe. Zile za kundi la ogani-fosfeti humfanya atiririkwe na mate na machozi, aharishe, atetemeke na kupumua kwa shida. Haya mawili yana tiba tofauti. Daktari ana atropini kwa ogani-fosfeti na dawa nyingine kwa amitraz, lakini ni lazima ajue mbwa alipakwa nini. Ndiyo maana tunapinga kabisa ile desturi ya kupimiwa dawa mililita chache ndani ya kichupa kisicho na lebo. Mbwa ameshaanza kutetemeka, mwenyewe anasema "ni ile dawa nyeupe ya kupe", na daktari anapoteza dakika anazozihitaji kwa matibabu. Nunua chupa ndogo iliyofungwa, hata kama bei ni juu.

Dawa za mbwa zenyewe nazo si maji. Matone ya mgongoni yanaweza kuleta mwasho na wekundu pale yalipodondoshewa, na mara nyingi hupita kwa siku moja au mbili. Vidonge vya minyoo vinaweza kuleta kutapika au kuharisha kidogo, na mtoto wa mbwa mwenye minyoo mingi anaweza kuitoa ikiwa hai, jambo linalotisha macho kuliko linavyodhuru. Akitapika kidonge, usirudie kingine kabla ya kumuuliza daktari.

Vidonge vya kutafuna vya kupe na viroboto, vya kundi la isoksazolini, vinahitaji uangalifu wa pekee. Humo mna afoxolaner, inayopewa kila mwezi, na fluralaner, inayodumu takriban wiki 12. Septemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba baadhi ya mbwa hupata mitetemo ya misuli, kuyumba na degedege, hata wasiokuwa na historia ya degedege. Haikuziondoa sokoni, kwani mbwa walio wengi huzitumia salama. Ila dawa ikishamezwa na kuingia kwenye damu, huwezi kuirudisha nje. Mbwa aliyewahi kupata degedege asipewe kabla ya daktari kumwangalia.

Kabla ya dawa yoyote, pima uzito. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe tofauti. Mbwa mkubwa apelekwe kliniki. Usirundike kola, matone na kunyunyizia katika wiki moja. Mpe dawa asubuhi ya siku utakayokuwa nyumbani, ili umwangalie mpaka jioni. Ukinyunyizia kibanda, mfungie mbwa mbali mpaka kikauke. Na kama una paka, dawa ya mbwa yenye permethrin isimkaribie kabisa, maana humuua.

Mambo yakiharibika na dawa ilikuwa ya kupaka, vaa glavu umwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, umkaushe, uondoke. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Mbwa anayetetemeka hupaliwa, na kile unachomnywesha kikaingia mapafuni. Usimlazimishe kutapika. Beba chupa au pakiti uende nayo kwa daktari wa mifugo aliye karibu, au kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete. Kuyumba, degedege, kuvimba uso na kupumua kwa shida havisubiri kesho.

Akishapona, andika jina la dawa, kipimo, uzito wa mbwa, tarehe na saa dalili zilipoanza. Mwombe daktari aripoti tukio hilo kwa Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, kisha umuulize ni dawa ya kundi gani ataitumia awamu ijayo.