Jinsi ya kufuga mende wachimbaji wa Queensland

Macropanesthia rhinoceros ni mende wa kaskazini mwa Queensland, Australia. Hana mabawa, hufikia urefu wa sm 8 na uzito wa gramu 30 na zaidi, na huweza kuishi miaka hata 10. Hana uhusiano na uchafu wa jikoni: kazi yake ni kuchimba shimo na kula majani makavu. Wengi wanaokufa mapema huuawa na unyevu uliokosewa, basi usiharakishe hatua ya pili.

1. Chombo. Kwa jozi moja, tangi la kioo au plastiki la sm 40 kwa 25, kimo sm 30, linatosha. Mende mkubwa hapandi kioo kilaini, lakini weka mfuniko wa wavu ili hewa ipite na siafu wasiingie.

2. Mchanga. Changanya mchanga laini na udongo usiotiwa mbolea wala dawa. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi. Lowesha kidogo, kisha finyanga ngumini: ukishikamana bila kutoa tone la maji, uko sawa. Shindilia kina cha sm 15, la sivyo shimo litaporomoka kila mende anapochimba. Juu tandaza sm 2 za mchanga mkavu. Baadaye, chini kukianza kukauka, mimina maji kidogo kwenye kona moja tu, yateremke yenyewe. Ukinyunyizia kila mahali majani hushika ukungu na utitiri huzaliana. Ukiacha pakauke kabisa, mende hushindwa kujivua gamba, miguu ikanaswa humo akafa.

3. Chakula. Majani ya mkaratusi yaliyoanguka yenyewe, ya kahawia, yanayovunjika ukiyakunja. Mabichi hayafai. Usiokote kando ya barabara wala penye miti iliyopuliziwa dawa. Yagandishe kwenye friza siku mbili kuua buibui na utitiri, yaache yakauke, kisha tandika sm 4. Usiku mende huyaburuta shimoni. Asubuhi utaona kingo zilizotafunwa. Yakibaki vikonyo, ongeza. Kipande cha karoti mara moja kwa wiki kinatosha, na kitoe kesho yake.

4. Joto. Nyuzi 20 hadi 28, mbali na jua la moja kwa moja. Pedi ya joto ibandikwe ubavuni, kamwe si chini, kwa sababu mende akisikia joto hukimbilia chini zaidi.

5. Kumshika. Mwinue kwa kumshika mbavuni, kisha mlaze kiganjani. Miguu ina miiba, na akikereka hutoa sauti ya msss. Hang'ati. Ukimkuta mweupe, ametoka kujivua gamba: usimguse hadi arudie rangi ya kahawia na kukauka.

6. Uzazi. Dume hutambulika kwa ngao ya nyuma ya kichwa, iliyobonyea kama kijiko. Jike huzaa watoto hai, hatagi mayai nje, na hukaa nao shimoni miezi kadhaa akiwaletea majani. Usifukue shimo kuwatafuta. Kinyesi chao ni punje kavu. Chekecha mchanga wa juu kila miezi miwili au mitatu, ukiangalia usimtupe mtoto pamoja nacho.

Kumtoa mende huyu nje ya Australia kunahitaji kibali cha serikali, kwa hiyo nunua kwa mfugaji anayewazalisha mwenyewe na mwenye karatasi zake.