Kifua kikibana: kutambua na kushughulikia moyo unaokosa damu

Moyo nao unalishwa. Damu yake inapita kwenye mishipa ya koronari, na mafuta yakijikusanya kwenye kuta za mishipa hiyo kwa miaka mingi, njia inakuwa nyembamba. Ukiwa umekaa huhisi kitu. Ukipanda ngazi au ukibeba ndoo ya maji, kifua kinabana, ukipumzika dakika chache kinaachia. Hiyo ni anjaina. Ukoko wa mafuta ukipasuka, damu inaganda juu yake na kuziba mshipa: huo ndio mshtuko wa moyo, na nyama ya moyo inaanza kufa. Wanaopata zaidi ni wavuta sigara, wenye presha, kisukari au lehemu nyingi, na waliowahi kuwa na baba au kaka aliyeugua moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65.

Mwambie mgonjwa akuonyeshe panapouma. Mara nyingi ataweka kiganja kizima au ngumi katikati ya kifua, aseme panabana, panalemea, panawaka. Maumivu hupanda kwenye taya, shingo, bega au mkono wa kushoto, na kijasho cha baridi kinamtoka. Wazee, wanawake na wenye kisukari wanaweza wasiumwe kabisa: wanahema, wanatapika, wanaishiwa nguvu ghafla. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kudhani ni vidonda vya tumbo na kutafuna dawa za kiungulia usiku kucha. Mtu wa zaidi ya miaka 40 mwenye "kiungulia" kipya kinachokuja na jasho apimwe moyo kwanza.

Maumivu yakizidi dakika 10 hata baada ya kupumzika, anza hivi:

1. Mkalishe, aegemee, asitembee hata kwenda chooni. Kila hatua inaudai moyo damu isiyokuwepo.
2. Mpe aspirini miligramu 300 aitafune, asiimeze nzima. Kama una vya 75, ni vinne. Usimpe mwenye mzio nayo, anayetapika damu au anayeonyesha dalili za kiharusi. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usimpe, inaongeza hatari kwa moyo.
3. Kama daktari alishamwandikia nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, aweke kidonge chini ya ulimi akiwa amekaa, maana presha hushuka. Asiitumie kama amekunywa dawa za nguvu za kiume: sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48.
4. Tafuta gari. Bodaboda haifai: akizimia atadondoka.
5. Andika saa maumivu yalipoanza. Ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Akizimia na hapumui kawaida, mlaze chali sakafuni, kandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Hospitalini, ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ifanyike ndani ya dakika 10. Ikitoka safi na maumivu bado yapo, usikubali kurudishwa nyumbani. Irudiwe, na kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja nyama ya moyo ikiumia, kirudiwe pia baada ya saa chache. Mshipa ulioziba hufunguliwa kwa puto na stenti, kijibomba cha wavu kinachouacha mshipa wazi; kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inafanya kazi hiyo. Pasipo na huduma hiyo karibu, kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kama streptokinesi, inayosaidia ndani ya saa 12 za mwanzo, na saa ya kwanza ina thamani kuliko zote zinazofuata.

Baada ya hapo dawa ni za kila siku: aspirini ndogo, atorvastatini ya kushusha lehemu, na kwa wengi dawa ya kupunguza mapigo. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate na supu za pakiti. Sigara iachwe yote.

Aliyewekewa stenti hupewa pia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa miezi 12. Asiiache kwa sababu anajisikia vizuri, wala kwa ajili ya kung'oa jino, kabla ya kumuuliza daktari wake wa moyo. Akiiacha, stenti inaweza kuziba ndani ya siku chache.