Diklofenaki na magoti: jipime kabla ya kumeza

Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea, diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, haikai dukani. Kuinama chini ya mikorosho tangu alfajiri si mchezo kwa mwenye ugonjwa wa viungo. Dawa inasaidia, sibishi. Ninachobishia ni kuimeza kila siku msimu mzima.

Hatua ya 1: Jijue. Umewahi kuugua vidonda vya tumbo? Una presha, figo au moyo? Umevuka miaka 65, au una mimba? Kama ndiyo, hata kwa moja tu, muone daktari kwanza.

Hatua ya 2: Kwa goti au vidole, anza na jeli ya diklofenaki ya kupaka. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana.

Hatua ya 3: Ikibidi kumeza, meza kiasi kidogo kinachotosha, kwa siku chache. Mtu mzima asizidishe miligramu 150 kwa siku. Usiongeze ibuprofeni, dawa ya jamii hiyo hiyo, juu yake. Na soma boksi: vidonge vingine vya mchanganyiko vina diklofenaki tayari.

Hatua ya 4: Choo cheusi kama lami, kutapika damu, kifua kubana, miguu kuvimba au mkojo kupungua: acha dawa, nenda hospitali.

MASWALI

Mwalimu, mimi huchomwa sindano ya diklofenaki ili kukwepa vidonda vya tumbo. Nipo salama?

Hapana, ndugu yangu. Dawa hii huzuia prostaglandini, kemikali zinazotengenezwa na mwili. Hizo ndizo zinazochochea uvimbe gotini, lakini ndizo pia zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Ikishaingia kwenye damu haichagui, iwe imepitia mdomoni au matakoni. Omeprazoli atakayokuandikia daktari hulinda tumbo, figo haizilindi.

Mama anatumia losartani na dawa ya kukojosha kwa ajili ya presha. Na magoti je?

Asimeze diklofenaki kabla daktari hajaona dawa zake zote. Tatu hizo zikikutana zinaweza kuangusha figo, hasa akiwa ameharisha au ameshinda juani bila maji. Presha nayo hupanda.

Vidole vyangu vya mikono yote hukakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima. Niendelee na vidonge?

Hiyo huenda ni baridi yabisi ya kinga ya mwili kushambulia viungo. Diklofenaki itapunguza maumivu huku viungo vikiendelea kuliwa. Kuna dawa nyingine, kama methotreksati, za kuzuia hilo. Anzia kituo cha afya, uombe rufaa ya hospitali ya Ligula, Mtwara, msimu huu huu, usingoje mnada wa mwisho wa korosho.